Supu ya Sufuria na Supu ya Kopo

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu na marafiki mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi.

Nilipoombwa nizungumze juu ya chakula na kumbukumbu, ningeweza kuchagua chakula cha sherehe, kile kinachopikwa kwa vifijo na kuliwa na umati. Lakini chakula hicho kina wasemaji wengi, na mimi nimechagua supu. Nimeichagua kwa sababu ndiyo mtu hupewa wakati hajiwezi: akiwa mtoto ambaye meno hayajatimia, akiwa mgonjwa, akiwa ametoka kujifungua, akiwa amefiwa na tonge haipiti kooni, na mwishowe akiwa mzee ambaye taya zimechoka kutafuna. Anayekuletea bakuli la supu amekwisha kukutazama na kupima unachoweza na usichoweza, na kwa maoni yangu kumbukumbu za supu huanzia hapo, katika kule kutazamwa, kabla hata kijiko hakijafika mdomoni.

Jambo hili ni la kale kuliko kilimo. Katika pango la Xianrendong nchini China vimepatikana vigae vya vyungu vinavyokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, na baadhi yake vina alama za kuungua kwa nje, dalili kwamba vyungu vile viliwahi kutelekwa motoni. Chungu kinapokubali maji na moto kwa pamoja, mfupa uliokwisha kugugunwa hupata kazi ya pili, na mtu asiyeweza kutafuna hupata riziki yake. Hata mjini Paris, katika karne ya 18, neno «restaurant» lilikuwa kwanza jina la mchuzi mzito wa nyama uliouzwa kwa watu dhaifu ili uwarudishie nguvu. Nyumba zilizouza mchuzi huo zikachukua jina lake, na leo jina hilo limo kwenye vibao vya dunia nzima, likiwa limesahau kabisa kwamba lilizaliwa bakulini.

Niseme mapema kwamba sikusimama hapa kuitukuza supu ya nyumbani na kuidharau ile ya kopo. Nimezinywa zote mbili maisha yangu yote, nazipenda zote mbili, na kila moja imenitunzia watu ambao nyingine haikuweza kuwatunza. Tofauti yake, kama nilivyoielewa baada ya miaka mingi, ni kwamba supu ya sufuria haijirudii hata siku moja, ilhali supu ya kopo haibadiliki, na tofauti hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu zetu: ile ya kwanza tunaitafuta hatuipati, na ile ya pili hutukuta ilivyotuacha.

Nianze na ya sufuria.

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba au minane nilikuwa nikishikwa na homa mara kwa mara, na mama yangu alikuwa na supu moja tu ya kunitibia nayo, supu ya kuku. Hakutumia minofu. Alitumia shingo, mgongo, mabawa na miguu, vile vipande ambavyo mezani hakuna anayevigombea, akaviweka katika maji baridi na kuviteleka juu ya moto mdogo. Povu la kwanza lilipopanda aliliengua kwa upawa na kulimwaga kwenye kisahani kilichokuwa pembeni, tena na tena, hadi maji yakatulia na kung'aa. Kisha alitia kitunguu kilichokatwa vipande viwili, karoti nzima, kipande cha tangawizi kilichopondwa kwa ubapa wa kisu, na chembe chache za pilipili manga zisizosagwa. Mfuniko hakuufunga, aliuegemeza juu ya mwiko uliolala kwenye mdomo wa sufuria ili mvuke upate pa kutokea, na mimi kitandani niliweza kusikia bati likigongagonga taratibu juu ya mti. Nikimwuliza itaiva lini, alinijibu kwamba supu haiharakishwi, huachwa.

Alipokuwa tayari kuninywesha alichota kijiko, akakipuliza, halafu akakigusisha kwenye mdomo wake wa chini kupima joto kabla hajakileta kwangu. Alifanya hivyo kwa kila kijiko, si kwa kile cha kwanza tu. Nimekuja kunywa supu nyingi tangu wakati ule, nyingine zilizopikwa na watu wenye ujuzi mkubwa, lakini mpaka leo nikiona mtu anagusisha kijiko mdomoni kabla ya kumlisha mwingine, shingo yangu huinuka yenyewe, kana kwamba bado niko chini ya blanketi lile.

Mengi aliyoyafanya yana maelezo. Maji baridi yanayopashwa polepole huziacha protini za nyama zigande na kuelea juu kama povu, ambapo huenguliwa kwa urahisi. Yakichemka kwa kasi povu hilo huvunjikavunjika na kuchanganyika na supu, ikawa na ukungu. Miguu na shingo zina gegedu na ngozi nyingi, na humo mna kolajeni, aina ya protini, ambayo kwa saa kadhaa za moto mdogo hugeuka kuwa jelatini. Jelatini ndiyo inayofanya midomo inatenate kidogo baada ya kunywa, na ndiyo inayoigandisha supu ya jana ikiwa imewekwa mahali pa baridi, ikatikisika kama kitu chenye uhai. Mama hakuyataja maneno hayo hata mara moja. Alijua tu kwamba miguu ya kuku haitupwi.

Na harufu nayo ina njia yake ya peke yake kichwani. Habari za macho na za masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi ndipo zisambazwe kwingine, lakini habari za pua zina njia fupi zaidi: hufika upesi kwenye amigdala, inayohusika na hisia kali, na kwenye hipokampasi, inayohusika na kutunza kumbukumbu. Isitoshe, sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya koo wakati tunapomeza; ndiyo maana mtu mwenye mafua hulalamika kwamba supu imekuwa maji matupu, ilhali chumvi iko palepale. Supu basi, kwa kuwa huja na mvuke wake, hutufikia mara mbili, mara ya kwanza bakuli likiwa bado liko mbali na mara ya pili tunapomeza. Sishangai kwamba mtu mzima huweza kupita mlangoni pa nyumba asiyoijua, akakutana na harufu ya kitunguu na kuku vikitokota, akasimama.

Mama alipofariki niliitafuta supu ile kwa miaka mingi. Nilikuwa nimekwisha kumwuliza vipimo alipokuwa hai, na majibu yake yalikuwa yale yale ya wapishi wote wa kweli: chumvi kiasi, maji mpaka yafunike, iache hadi iwe tayari. Nilinunua kuku wa kila aina, nilibadilisha sufuria, niliongeza karoti, nilipunguza tangawizi. Supu yangu ilikuwa nzuri, na watu waliisifu, lakini ilikuwa nyeupe, imepauka, wakati ya mama ilikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, rangi ambayo niliikumbuka vizuri kuliko uso wake katika baadhi ya picha.

Siku moja mama yangu mdogo alikuja kunitembelea, akanikuta jikoni nikimenya vitunguu. Alisimama karibu nami kimya kwa muda, kisha akauliza, «Mbona unaitupa rangi?» Sikumwelewa. Akainama, akayaokota maganda kutoka kwenye pipa, yale ya kahawia makavu, akayasuuza na kuyatia sufuriani pamoja na kitunguu chenyewe. «Dada hakuwa akimenya,» alisema, «alikuwa akikiosha tu na kukikata.» Baada ya saa moja na nusu rangi ilikuwa imerudi. Nilisimama juu ya sufuria ile nikilia, na mama mdogo akanishika bega bila kusema neno, kisha akachota kijiko akaonja na kuniambia kwamba chumvi bado.

Nawaeleza haya kwa sababu miaka yote ile nilikuwa nimeuliza kwa mdomo kitu ambacho kilipaswa kutazamwa kwa macho. Mama hakunificha; ni kwamba kutomenya kitunguu hakukuwa jambo la kusemwa kwake, kama vile mtu anapoelekeza njia asivyotaja kwamba lazima upumue. Ikiwa yuko mpishi katika maisha yenu ambaye supu yake hamtaki ipotee, msimwombe karatasi ya mapishi. Mwombeni ruhusa ya kusimama naye jikoni tangu anaponawa mikono, mkipime kila anachokichota kwa kiganja kabla hakijaingia sufuriani, na msione haya kuuliza kwa nini.

Hata hivyo lazima niseme ukweli wote: pamoja na maganda, supu yangu haikuwa supu ya mama. Ilikaribia sana, lakini kuku si yule, maji si yale, moto si ule, na mimi mwenyewe si yule mtoto mwenye homa aliyekuwa ameshinda njaa tangu asubuhi. Kwa muda jambo hilo lilinisikitisha. Siku hizi halinisikitishi tena. Kila ninapoiteleka najua kwamba naenda kumkosa mama kwa hatua chache, na hatua zile chache ndizo zinazonifanya nimfikirie kwa saa tatu mfululizo, nikiwa nimesimama jikoni na upawa mkononi.

Watu wengi niliozungumza nao wana supu ya namna hii. Mmoja ana supu ya dengu iliyopikwa na dada yake mkubwa wakati wa mitihani, nzito kiasi kwamba kijiko kilisimama. Mwingine ana supu ya vitunguu vilivyokaangwa kwa subira hadi vikawa vyekundu na vitamu, ambayo baba yake aliipika usiku tu, wengine wakiwa wamelala. Mwingine ana supu ya mboga zote zilizobaki, iliyopikwa kila mwisho wa wiki na ambayo haikuwahi kufanana na ya wiki iliyotangulia. Nimegundua kwamba hakuna aliyeanza kunisimulia viungo. Wote walianza na mtu.

Sasa nije kwenye kopo, ambalo wengi hulitaja kwa sauti ya chini kana kwamba ni kosa.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu supu ndiyo akiba iliyooza upesi kuliko zote. Aliyeanza kubadili hali hiyo ni Nicolas Appert, mpishi na mtengenezaji wa peremende wa Ufaransa, ambaye kwa miaka mingi alijaribu kutia vyakula katika chupa za kioo, miongoni mwake mchuzi wa nyama, akaziziba vizuri kwa vizibo na kuzichemsha ndani ya maji. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa faranga 12,000 kwa sharti kwamba auchapishe utaratibu wake ili watu wote waujue, naye akauchapisha mwaka huohuo. Mwaka uleule wa 1810 Peter Durand alipata nchini Uingereza hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, iliyotaja vyombo vya bati, na kufikia 1813 Bryan Donkin na wenzake walikuwa wakitengeneza vyakula vya makopo kwa ajili ya jeshi na wanamaji wa nchi hiyo. Appert alijua kwamba njia yake inafaa, lakini sababu ilikuja kufahamika vizuri baadaye sana, miaka ya 1860, kutokana na kazi ya Louis Pasteur juu ya vijidudu. Makopo yale ya mwanzo yalikuwa mazito na yalifunguliwa kwa tindo na nyundo. Hataza ya kifungua kopo ya Mmarekani Ezra Warner ni ya mwaka 1858, karibu nusu karne baada ya kopo lenyewe.

Hatua iliyoifikisha supu ya kopo kwenye kabati la mtu wa kawaida ni ya mwaka 1897, wakati John T. Dorrance, mkemia aliyesomea Ujerumani na kufanya kazi katika kampuni ya Campbell mjini Camden, New Jersey, alipopata njia ya kuipunguzia supu maji hadi ikawa nzito, ili mnunuzi ayarudishe maji hayo mwenyewe nyumbani. Supu iliyopunguzwa maji hujaa kopo dogo, husafirishwa kwa gharama ndogo na huuzwa kwa bei ndogo. Ni jambo la hesabu tu, lakini hesabu hiyo ndiyo iliyomwezesha baba yangu kutulisha wiki moja ambayo sitaisahau.

Mama alikuwa amelazwa hospitalini, na sisi watoto wawili tulibaki na baba, mtu mpole aliyefanya kazi kwa bidii na ambaye hakuwahi kupika chochote. Kabatini mlikuwa na makopo ya supu ya nyanya. Siku ya kwanza alilisimamisha kopo mezani akalisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kama mtu anayesoma barua ya wito. Kifungua kopo chetu kilikuwa cha kukandamiza kwa mkono, kiliacha ukingo wenye meno, naye akatuamuru tukae mbali. Alipoligeuza kopo juu ya sufuria, supu haikumwagika. Ilitoka yote kwa pamoja kwa sauti ya kufyonza, ikasimama katikati ya sufuria ikiwa na umbo la kopo, na ubavuni ilikuwa na alama za mikunjo ya bati. Tuliitazama sote watatu. Kisha alijaza maji katika kopo lilelile, akalitikisa ili asipoteze hata tone, akamimina, na tangu hapo hakuacha kukoroga hata kidogo, kwa kuwa maelekezo yalisema ikorogwe na hayakusema hadi lini.

Alitugawia mabakuli mawili, akatuketisha, akauliza kama imekolea. Tuliitikia kwa vichwa na kunywa hadi mwisho. Yeye alitia maji ya moto katika sufuria tupu, akalikwangua tabaka jekundu lililobaki pembeni, akayamimina maji hayo katika kikombe na kuyanywa akiwa amesimama dirishani, akatuambia kwamba hana njaa. Nilimwamini. Ilinichukua miaka mingi, na watoto wa kwangu mwenyewe, kuelewa kile kikombe.

Sasa angalieni tofauti. Supu ya mama siwezi kuipata tena, lakini supu ya nyanya ya kopo ninaipata. Nikilifungua leo, supu hutoka kwa sauti ileile ya kufyonza, ikiwa na mikunjo ileile ubavuni, na ulimi wangu hauoni badiliko. Na kwa kuwa supu haijabadilika, kilichobadilika huonekana wazi, nacho ni mimi. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba kidevu kilifika ukingoni mwa meza, na leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao baba wiki ile. Msanii wa Marekani Andy Warhol, ambaye mwaka 1962 alionyesha mjini Los Angeles michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell, mchoro mmoja kwa kila aina ya supu, alisema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiinywa, na kwamba alikula chakula kilekile cha mchana kwa takriban miaka 20. Wengi waliiona michoro ile kuwa ni dhihaka juu ya viwanda. Mimi nikiitazama naona kabati la nyumba ambamo mtu fulani alihakikisha kwamba rafu haibaki tupu.

Utamu wa supu ya nyanya pia una mizizi ya mbali. Mwaka 1908 mkemia wa Japani Kikunae Ikeda, akichunguza mchuzi uliopikwa kwa mwani, aligundua kwamba ladha yake nzito hutokana na glutameti, akaipa ladha hiyo jina la umami. Glutameti imo kwa wingi katika nyanya zilizoiva, hutoka katika nyama inayotokota kwa muda mrefu, na imo kwa wingi katika maziwa ya mama. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini mtu mzima anayekunywa supu huweza kutulia ghafla bila kujua sababu, kwani ladha ile ni mojawapo ya zile tulizozijua kabla hatujajua jina la kitu chochote.

Kuna utafiti ninaoupenda kuhusu jambo hili. Mwaka 2000 daktari Stephen Rennard na wenzake katika Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ya maabara juu ya supu ya kuku iliyopikwa kwa mapishi ya bibi wa mke wake. Waliona kwamba supu hiyo ilipunguza mwendo wa aina fulani ya seli nyeupe za damu, zile zinazohusika na uvimbe wa njia ya hewa mtu anapokuwa na mafua. Walizipima pia supu za madukani, na nyingi kati yake nazo zilionyesha uwezo huo, nyingine kwa nguvu na nyingine kidogo. Yalikuwa majaribio ya maabara, hayakufanywa kwa wagonjwa, na sitaki mtu aache dawa kwa ajili ya bakuli. Lakini nilifarijika sana niliposoma kwamba katika meza ileile ya maabara, supu ya bibi na supu ya kiwandani ziliwekwa bega kwa bega, na kopo halikutoka mikono mitupu.

Kwa kuwa ninaipenda supu ya kopo, lazima niseme na madhara yake. Chumvi ndiyo tatizo kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kopo moja la supu linaweza kuchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho. Tena takwimu za lebo mara nyingi ni za kipimo kimoja cha kunywa wala si za kopo zima, kwa hiyo mtu anayemaliza kopo peke yake hana budi kuzidisha. Mimi huongeza viazi au karoti nilizochemsha bila chumvi, na mgonjwa wa shinikizo la damu nyumbani kwangu hanywi ile isiyopunguzwa chumvi. Kopo lililovimba au linalovuja litupwe bila kuonjwa, kwa sababu sumu ya bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaoweza kuua, haina harufu ya kutuonya. Na wale wanaopenda kuhifadhi supu yao wenyewe katika mitungi ya kioo wajue kwamba mbegu za bakteria hao hustahimili maji yanayochemka. Viwandani huuawa kwa joto la nyuzi 121 hivi ndani ya mitambo ya shinikizo, na sufuria ya kawaida haifikii hapo. Supu ya nyumbani na iwekwe kwenye friza.

Nimalizie na jambo lililotokea nyumbani kwangu.

Watoto wangu walipokuwa wadogo nilifanya kazi ya zamu za usiku kwa miaka minne. Kabla ya kuondoka niliwaachia kopo la supu ya kuku na tambi mezani, na mkubwa alijua kulipasha na kulivunjia yai moja, akilikoroga hadi likawa nyuzinyuzi. Nilikuwa nikitembea kuelekea kazini huku moyo ukiniuma, nikijiona mama anayelea watoto kwa bati, na miaka yote iliyofuata nilijaribu kulipa deni hilo kwa sufuria kubwa na mifupa na saa nyingi za kusubiri.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho, ambaye sasa ni mtu mzima na anajitegemea, alikuja nyumbani akiwa na mafua makali. Nililala mapema ili niamke alfajiri, nikaosha vitunguu bila kuvimenya, nikaviteleka pamoja na shingo na miguu ya kuku, nikauegemeza mfuniko juu ya mwiko. Kufikia saa nne nyumba nzima ilikuwa inanukia kama nyumba ya mama yangu. Akaniita kutoka chumbani, nikaenda nikiwa na upawa mkononi, naye akaniuliza kwa sauti iliyokauka, «Mama, lile kopo la tambi lipo? Ulivunjie yai.»

Nilirudi jikoni, nikapunguza moto chini ya sufuria hadi ukabaki mdogo kabisa, nikafungua kabati. Nilikoroga yai kama kaka yake alivyokuwa akifanya. Nilipompelekea alilishika bakuli kwa mikono miwili, akaushusha uso wake kwenye mvuke, akakaa hivyo kitambo amefumba macho, halafu akaniuliza kama usiku huu naenda zamu. Nikamjibu kwamba siendi, nikavuta kiti, nikaketi karibu naye.